Radi, Moto na Hati ya Bima

(Hotuba iliyosomwa na karani wa chama cha ushirika cha kahawa, mkoani Kagera, mbele ya wazee, wenyeviti wa vijiji na waalimu.)



Nimeombwa niseme habari za bima ya nyumba, na hasa juu ya jambo moja ambalo watu huniuliza kila mvua zinapokaribia: nyumba ya mtu ikipigwa na radi ikateketea, je, kampuni ya bima italipa, au itasema kwamba hiyo ni kazi ya Mungu nayo haimo? Jibu lake ni fupi, nami nitalitoa mapema ili mwenye haraka apate kwenda zake. Italipa. Moto uliowashwa na radi ni moto, na hati ya bima ya moto huulipia kama ilipiavyo moto wa jiko au wa kibatari. Walakini kati ya neno hilo na fedha kufika mkononi mwa mtu kuna njia ndefu yenye mashimo. Nimemwona mtu wa nyumbani kwetu akitumbukia katika mashimo hayo moja baada ya jingine, na moja nilimchimbia mimi mwenyewe kwa kutojua. Ndiyo sababu nimekubali kusimama mbele yenu.

Baba yangu mdogo alifundisha shule za msingi miaka 31. Alipostaafu alijenga nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitano, akaiezeka kwa mabati, na ili kuimaliza akakopa benki shilingi milioni 24. Benki ikataka nyumba iwekewe bima, kama ilivyo desturi ya benki, nami ndimi niliyemjazia karatasi, kwa kuwa watu wa nyumbani hudhani karani ajua karatasi zote za dunia. Palipoulizwa kiasi cha bima nikaandika milioni 24, yaani kiasi cha deni, maana nilidhani ndicho kilichotakiwa. Nyumba yenyewe, fundi ye yote angaliikadiria kuwa milioni 48. Nikatia sahihi yangu kuwa shahidi. Ukurasa wa pili sikuusoma.

Hata mwezi wa Novemba 2017, kama saa kumi alasiri, mvua ikaja kutoka upande wa ziwa. Radi ikapiga paa, ikashuka katika mbao, na mbao zikashika moto juu ya dari. Jambo hili liliwashangaza wengi: mvua ilikuwa ikinyesha sana juu ya mabati, na moto ulikuwa ukila mbao chini yake, mahali ambapo tone la maji halikuweza kufika. Watu walikuja mbio na ndoo, wakaokoa vyumba vitatu. Paa lote na vyumba viwili vikaharibika. Hapana aliyekufa, Mungu ashukuriwe.

Usiku ule ule maneno yakaanza. Radi hii, walisema, imetumwa. Na kwa kuwa baba mdogo alikuwa na ugomvi wa mpaka wa migomba na jirani yake, mjane mzee, haikuchukua muda jina lake likawa midomoni mwa watu. Baba mdogo ni mtu wa elimu. Walakini mtu anayelala chini ya turubai na wanawe, huku kila mgeni anamnong'oneza neno lile lile, elimu yake hupungua. Akaenda kwa mganga ng'ambo ya mto, akakaa huko siku 9. Katika siku hizo wanawe wakasafisha mahali, wakachoma mbao zilizobaki, wakayauza mabati yaliyokunjamana kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Aliporudi alipumzika, akafikiri, akaja kwangu. Tulipopeleka habari kwenye kampuni, siku 16 zilikuwa zimepita tangu moto. Hati yake iliagiza habari ipelekwe mara moja, na madai yaandikwe kabla ya siku 14 kwisha.

Bwana wa kampuni hakuwa mkali. Aliuliza maswali matatu tu: moto ulitokea lini, mabaki yako wapi, na kwa nini mmechelewa? Swali la tatu baba mdogo alilinyamazia, akatazama kofia yake. Mwalimu wa miaka 31 angewezaje kusema kwamba alikuwa akimtafuta mtu aliyetuma radi?

Basi, kabla sijawaambia alipata nini, yafaa tuitazame radi yenyewe, maana nusu ya hasara yake ilitokana na kutoijua.

Katika wingu kubwa la mvua, vipande vya barafu hupandishwa na kushushwa na upepo, vikigongana, na kwa kugongana huko umeme hukusanyika, wa namna moja juu na wa namna nyingine chini. Ukizidi, huruka: kutoka wingu hadi wingu, au kutoka wingu hadi nchi. Njia upitayo hupata joto la kama digrii 30,000, nalo ni mara tano au zaidi ya joto la uso wa jua. Hewa hupasuka kwa joto hilo, na mpasuko huo ndio ngurumo. Mbao ikipitiwa, maji yaliyomo hugeuka mvuke kwa dakika isiyohesabika, mbao ikapasuka au ikawaka. Radi hutafuta kilicho juu: mti, mnara, paa la nyumba iliyo peke yake mlimani. Bati haliiti radi, wala nyasi haziikimbizi.

Na kwa nini hutupiga sisi mara nyingi? Kwa sababu ya nchi tulipo. Wataalamu waliohesabu radi kwa vyombo vilivyo angani walitangaza mwaka 2016 kwamba mahali penye radi nyingi kupita pote duniani ni ziwa Maracaibo katika Venezuela, na pa pili ni Kabare katika Kivu, nchi ya Kongo, ambapo kila kilometa ya mraba huona radi zaidi ya 200 kwa mwaka. Kabare si mbali nasi. Ziwa letu hili nalo lina ngurumo nyingi mno, hasa usiku. Waalimu hamjasahau kwamba mwezi wa Oktoba 2018 wanafunzi 6 wa shule moja mjini Geita waliuawa na radi, na kwamba mwezi wa Juni 2011, katika shule ya Runyanya nchini Uganda, walikufa wanafunzi 18. Je, nani angetuma radi juu ya watoto 18 waliokuwa shuleni? Wingu halikuwa na ugomvi nao.

Wenyeviti wanaijua Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 na ambayo ingali sheria ya nchi hii. Kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa chini ya sheria hiyo, na wanaolaumiwa aghalabu ni vikongwe wasio na mtetezi. Yule mjane jirani yetu aliondoka kwa hofu, akakaa miezi mitatu kwa mwanawe Biharamulo, na migomba yake ikaliwa na mbuzi. Hasara hiyo haikuandikwa katika hati yo yote.

Sasa narudi kwenye hati. Watu wengi wanazo leo, maana kila akopaye benki kwa nyumba hupewa, lakini huzifungia sandukuni pamoja na vyeti vya ubatizo. Nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, nacho ni kigumu hata kwa Waingereza. Nitawaeleza maneno manne tu, maana hayo ndiyo yaliyotuumiza.

Neno la kwanza ni radi yenyewe. Hati za kawaida za bima ya moto katika nchi zetu hutaja moto, kisha hutaja radi peke yake, kama mambo mawili. Msidhani ni maneno ya kujaza karatasi. Zamani kampuni nyingi ziliandika moto tu, au moto uletwao na radi. Katika New York huko Marekani, nyumba moja ilipigwa na radi ikavunjika-vunjika pasipo kuwaka. Mwenyewe akadai, kampuni ikakataa, na mwaka 1850 mahakama ya rufani ikaamua kwamba kampuni haidaiwi kitu, kwa kuwa hati ilisema moto uletwao na radi, na moto haukuwapo. Tangu siku zile watu walijifunza kudai radi iandikwe kwa jina lake. Basi tazama hati yako. Ikitaja moto na radi pia, utalipwa ukuta uliopasuka hata kama hapakuwa na moto. Ikitaja moto tu, utalipwa kilichoungua, na ukuta uliopasuka bila kuungua utaujenga kwa fedha yako.

Hapo ndipo hoja ya kazi ya Mungu inapokwisha. Kampuni haiulizi radi imetoka kwa nani. Yauliza kama jambo lililotokea limeandikwa katika hati au halikuandikwa. Mwaka 2016, tarehe 10 Septemba, tetemeko la ardhi lilituangushia nyumba nyingi hapa Kagera, na wako waliokuwa na hati za moto wakadhani wamesalimika. Tetemeko sharti liongezwe katika hati kwa jina lake na kwa ada yake, kadhalika mafuriko na tufani. Radi ina bahati ya kuandikwa pamoja na moto tangu mwanzo.

Neno la pili ni vyombo vya umeme. Hati nyingi zina kifungu kisemacho kwamba kampuni hailipi chombo cha umeme kilichoharibiwa na umeme wenyewe kuzidi kiasi, hata kama umeme huo umeletwa na radi. Maana yake ni hii: radi ikipiga nguzo barabarani, umeme ukaja kwa waya ukaua televisheni na friji yako, hapo huna madai chini ya hati kama hiyo. Lakini televisheni hiyo ikishika moto, na moto ukaenea kwenye pazia na dari, pazia na dari hulipwa. Mwenye vyombo vya thamani na aulize bima ya vyombo hivyo mbali, na wakati wa ngurumo avichomoe ukutani, jambo lisilo na ada. Tena, bima iliyotakiwa na benki mara nyingi ni ya jengo tu. Vitanda, nguo, magunia ya kahawa yaliyowekwa chumba cha nyuma, hayamo mpaka yaandikwe. Baba mdogo alipoteza vitabu vyake vyote na kitanda alichooa nacho, na kwa vitu hivyo hakupata hata senti.

Neno la tatu ni lile shimo nililolichimba mimi, nami naomba mlisikilize kuliko yote. Ukiweka bima ya nusu ya thamani ya nyumba, kampuni huhesabu kwamba nusu ya pili umeibeba wewe mwenyewe. Hasara ikitokea, hata iwe ndogo, mtaigawana kwa kadiri hiyo. Ni kama watu wawili waliolima shamba kwa shirika nusu kwa nusu: likiliwa na nguruwe kipembe kimoja, hasara ya kipembe hicho ni ya wote wawili, wala mmoja hawezi kumwambia mwenzake kwamba kilicholiwa kilikuwa nusu yake. Nyumba ya baba mdogo ilikuwa ya milioni 48, nami niliandika 24. Mkadiriaji hasara alipima akaona hasara ya milioni 18. Sisi tulifurahi, tukisema 18 imo ndani ya 24, tutapata yote. Kampuni ikalipa 9, ikakata kwanza ile sehemu ya hasara ambayo kila mwenye bima hujibebea. Na hundi haikuandikwa jina lake, bali jina la benki, kwa kuwa benki ndiyo iliyokuwa na haki ya kwanza. Deni lake likapungua, naam, lakini bati hata moja halikununuliwa. Alikaa chini ya turubai masika mawili.

Kama ningaliandika milioni 48, ada ingalizidi kidogo tu. Kwa nyumba ya matofali na mabati ada ya bima ya moto kwa mwaka mzima aghalabu haifiki shilingi moja kwa kila shilingi mia za thamani. Nilimwokolea baba yangu mdogo fedha ya mbuzi mmoja, nikampotezea nusu ya nyumba.

Tena thamani iandikwayo ni gharama ya kuijenga nyumba upya leo, wala si fedha uliyotumia mwaka ule ulipojenga. Saruji haikai bei moja. Kila mwaka hati inapofanywa upya muulize fundi.

Neno la nne ni ukweli wa maelezo. Fomu huuliza kuta ni za nini na paa ni la nini. Mwenye jiko la nyasi lililoshikamana na nyumba ya bati sharti aseme. Ataongezewa ada, pengine kampuni itakataa, lakini akificha na moto ukaanzia jikoni, hati yake itakuwa karatasi ya kufungia chumvi. Mzee mmoja aliniuliza juzi kama nyumba ya msonge yaweza kuwekewa bima. Ziko kampuni zikubalizo nyumba za nyasi na makuti, hasa za wenye hoteli, kwa ada kubwa. Kwa mtu wa kijijini nadhani ni afadhali fedha hiyo anunue mabati. Hiyo ni shauri yangu, si sheria.

Sasa nyumba ikiungua, mtu afanye nini? Kwanza aokoe watu, kisha azuie hasara isienee, maana hati yamdai afanye hivyo. Afunike kilichobaki kisinyeshewe. Apeleke habari kwa kampuni au wakala siku ile ile, kwa simu, kisha kwa barua na kubaki na nakala. Awapashe polisi na Zimamoto, na amwombe mtendaji wa kijiji aandike alichokiona. Apige picha, na hapa vijana wenye simu wana kazi ya kufaa. Wala asiondoe kitu, asiuze bati, asichome mbao, mpaka mkadiriaji hasara amefika akatazama, kwa kuwa mti uliopasuliwa na radi, waya ulioyeyuka na mbao iliyochanika ndio mashahidi wake. Sisi mashahidi hao tuliwauza kwa kilo. Kilichotuokoa ni mwalimu mmoja kijana aliyepiga picha tatu siku ya moto, pamoja na barua ya mtendaji. Kwa hizo kampuni, iliyokwisha kukataa, ikafikiri tena. Na kama ingeendelea kukataa, yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na sheria asikilize wananchi wenye malalamiko kama haya. Wengi hawajui kwamba yupo.

Jambo jingine: hati isiyolipiwa ada hailindi kitu. Niliwahi kumwona mtu akidai kwa hati iliyokwisha wiki mbili kabla ya moto.

Waalimu huenda wakapenda kuwasimulia wanafunzi habari ya Benjamin Franklin wa Philadelphia, katika Marekani. Mwaka 1752 yeye na wenzake waliokuwa wazima moto wa kujitolea walianzisha chama ambacho wenye nyumba walichanga ili atakayeunguliwa asaidiwe na wengine. Alama yake ilikuwa mikono minne iliyoshikana, na ilipigiliwa kwenye kuta za nyumba zilizowekewa bima. Mwaka ule ule mtu huyo huyo alifanya majaribio ya kuonyesha kwamba radi ni umeme, na katika kalenda yake ya mwaka 1753 akaeleza jinsi ya kuweka fimbo ya chuma juu ya nyumba ili kuilinda. Mtu mmoja, mambo mawili: fimbo ili nyumba isiungue, na mchango kwa itakayoungua.

Fimbo hiyo, ndiyo kizuia radi, ingali inatumika. Yasimama juu kuliko paa, waya mnene wa shaba washuka ukutani nje ya nyumba, na mwisho wake wafungwa kwenye chuma kilichozikwa katika udongo wenye unyevu. Haizuii radi isipige. Yaipa njia ya kushukia nchini pasipo kupita katika mbao. Ikiwekwa na mtu asiyejua ni hatari kuliko kukosa, basi atafutwe fundi wa umeme mwenye cheti. Shule na makanisa yaliyo mlimani yangeanza, kwa maana huko ndiko watu wengi hukusanyika, na hakuna hati iwezayo kumrudisha mtoto.

Baba mdogo aliezeka tena mwaka 2020 kwa fedha ya kahawa na msaada wa ndugu. Yule mjane amerudi, na mpaka wa migomba ulipimwa mbele ya mwenyekiti, ikaonekana wote wawili walikuwa wamekosea hatua mbili. Ana nyumba ndogo ya bati, nami nimemwambia nitamsaidia kuuliza ada.

Ofisi yangu i wazi kila Alhamisi tangu saa tatu hadi saa saba. Mwenye hati na ailete, yote, pamoja na kurasa za nyuma na risiti ya ada ya mwisho. Tutaisoma pamoja, na palipo na neno nisilolijua tutampigia wakala simu tukiwa sote wawili. Wasio na hati lakini wana nyumba ya kudumu, waje na makadirio ya fundi yaliyoandikwa. Sitaki chai wala ndizi. Tafadhali msije Jumatano, ni siku ya kupima kahawa.